Albamu ya pili ya Fiona Apple: vijembe anavyojirushia mwenyewe

Naanza na jina, manake bila hilo hatufiki popote. Albamu ya pili ya Fiona Apple, yule mwimbaji wa Marekani anayepiga piano, ile iliyotoka Novemba 1999, ina jina lenye maneno 90. Tisini, sijakosea kuhesabu. Ni shairi zima limewekwa kama jina, linaanza na When the Pawn halafu linakimbia mpaka pumzi inakukata, na watu karibu wote wakakubaliana kuishia hayo maneno matatu ya mwanzo, na mi nitafanya hivyo hivyo, sina muda wa kuandika ukurasa mzima kila nikiitaja. Mwanzoni niliona ni mbwembwe za msanii anayetaka aonekane kasoma sana. Baadae ndo nikaja kujua kwamba aliliandika baada ya gazeti moja la muziki la Marekani kumuweka kwenye kava halafu ndani wakamchora vibaya, wasomaji nao wakaandika barua za kumsema, basi ye akakaa chini akajitungia maneno ya kujipa moyo, habari ya kete ndogo ya sataranji inayoingia kwenye ugomvi ikiwa inawaza kama mfalme. Kwa hiyo lile jina sio pambo. Ni mtu aliyechambwa hadharani anajisemesha kabla hajafungua mlango kutoka nje, na ukilisoma hivyo albamu yenyewe unaanza kuisikia vingine.

Na kuchambwa alichambwa kweli. Albamu ya kwanza, Tidal, aliitoa 1996 akiwa na miaka 18, ikauza mamilioni, ikampa na Grammy kwa ule wimbo wa Criminal, afu 1997 akapanda jukwaani kwenye tuzo za MTV kuchukua tuzo ya msanii mpya na badala ya kushukuru mama na Mungu na lebo akawaambia watazamaji kwamba huu ulimwengu wa mastaa ni upuuzi mtupu, msipange maisha yenu kwa kututazama sisi. Loh. Kuanzia hapo akawa ni yule binti mdogo mwenye nongwa, mara hana adabu, mara kichwa hakijatulia. Kwa hiyo hii ya pili inakuja watu wengi wameshakaa mkao wa kumuona anateleza. Na ana miaka 22 tu, hilo tusilisahau.

Mi mwenyewe nimechelewa kuisikia, sijifanyi nilikuwepo. Aliyenipa ni shemeji yangu, anajua napenda sana wasanii wa kulialia na piano, akaniambia shemeji we si unapenda wanaolia, hebu msikilize huyu ambaye anakataa kulia. Nikaiweka kwenye spika ya simu huku nafanya mambo mengine, nikaona kelele tu, piano kama inagombana na dramu, nikaitupa huko. Kosa langu. Wiki kadhaa mbele usingizi ukagoma nikavaa hedifoni, taa nimezima, nikaianza upya toka wimbo wa kwanza mpaka wa kumi, dakika 42 hivi na ushee, na ilipoisha nikakaa vile vile nimeduwaa, sijui nilikuwa wapi maisha yangu yote bila hii kitu.

Sasa kila anayeisifia anakwambia ina hisia kali, inaumiza, inachoma. Sawa, ila hiyo haitoshi, manake kulia kwenye maiki kila mtu anaweza, mpe piano na taa hafifu atakulilia mpaka umpe leso. Mi naona ukali wa hii albamu unatoka sehemu nyingine kabisa. Sisi tumezoea mtu akiumizwa anatunga mipasho, anamrushia mwenzie vijembe mpaka anaishiwa, wasikilizaji tunashangilia tunasema kamuweza. Humu vijembe vipo, na vingine ni wembe hasa, lakini karibu nusu ya vijembe dada huyu anajirushia mwenyewe, na anavirusha kwa utulivu kama mtu anayesoma risiti. Anajua kosa lake liko wapi, analijua kuliko hata yule mwanaume analijua. Hicho ndo kinachokuchoma, kwamba hakuna pa kujificha, hata ye mwenyewe hajajipa pa kujificha.

Chukua Fast as You Can. Jamani huu wimbo. Dramu zinaingia zinakimbia toka sekunde ya kwanza, Matt Chamberlain huyo, kwenye hii albamu amepiga kama mtu anayefukuzwa, na Fiona anapanda juu yake na ile sauti yake ya chini, nzito, sauti ambayo huitegemei kwa binti wa umri ule, anaimba maneno yanavyodondoka katikati ya mapigo, sio juu ya mapigo, mpaka unajiuliza anapumulia wapi. Na anasema nini? Anamwambia mpenzi wake kimbia. Sio kwamba we mbaya ondoka, hapana, anamwambia mimi ndo mbaya, we unadhani unajua nilivyo chizi na hilo ni jambo tamu sana kwako ila hujui chochote, leo mimi ni laini kwenye kiganja chako lakini muda si mrefu nitashikwa na njaa ya ugomvi na sitakuacha ushinde. Yani ni onyo analitoa mnyama mwenyewe. Afu katikati kila kitu kinapungua mwendo ghafla, wimbo unageuka unakuwa wa kuyumba taratibu, wa kubembeleza, kama pale mnapogombana mpaka mnachoka mnakaa chini wote wawili mnaangaliana, na kabla hujazoea huo upole dramu zinarudi mbio. Ule mgeuko sijui nimeurudia mara ngapi. Hakuna mahali anapiga kelele, nataka ulione hilo, hasira yote ipo kwenye mwendo wa muziki na ye kashika usukani.

Limp nao hivyo hivyo lakini wenyewe ni mchafu zaidi. Vesi inanong'ona, piano inapigwa kwa tahadhari kama mtu anayetembea kwenye nyumba yenye mgonjwa, halafu kiitikio kinakurukia. Ni habari ya mtu anayemfanya mwenzie aonekane kichaa ili amtawale, anamliza afu anafurahia kile kilio. Anasema akikumbuka vidole vinajikunja vinakuwa ngumi. Halafu anampiga kijembe kimoja mwishoni mwa kiitikio ambacho siwezi kukitafsiri hapa kuna wadogo zetu wanasoma, ila kinahusu huyo mwanaume kubakia peke yake na mkono wake, utakielewa mwenyewe. Afu dramu zinaachiwa uwanja zipige peke yake katikati ya wimbo, na wala sio manjonjo ya mpiga dramu kutaka sifa, ni kama vile maneno yameisha na mtu bado ana hasira za kutosha ndoo nzima.

Na hapa niseme kidogo kuhusu piano, manake watu wakisikia mwanamke na piano wanafikiria vitu vya kulainisha moyo, mvua dirishani, nini na nini. Huyu anaipiga piano kama ngoma. Mkono wa kushoto uko chini kule kwenye sauti nzito unagonga, unagonga, na mara nyingi ukisikiliza vizuri unagundua wimbo umejengwa juu ya ule mgongo wa chini, besi na dramu zimekuja kuufuata tu. Prodyuza ni Jon Brion, na huyo jamaa ndo nampa heshima zake, kwa sababu kajaza vitu vingi mno, kuna vinanda vya zamani vya ajabu ajabu, kuna nyuzi, kuna tarumbeta, kuna vilio vya mashine ambavyo sijui hata jina lake, ila hakuna hata kimoja kinachosimama mbele ya huyo dada. Vyote vinazunguka. Kwenye Tidal nilikuwa nasikia muziki mzuri umewekwa nyuma ya sauti nzuri, hapa nasikia muziki unabishana naye.

Dada yangu mkubwa haipendi, niseme ukweli. Nilimpigia ukiwa unaenda Love Ridden akasikiliza mpaka mwisho kwa heshima yangu tu, afu akasema mdogo wangu, huyu si anajihurumia tu, atoke nje apigwe jua. Tukabishana weee. Nikamwambia dada sikiliza maneno, anayejihurumia anaomba arudiwe, huyu anafunga mahesabu. Manake Love Ridden ndo wimbo wa kuachana ulio kimya kuliko wote humu, piano na nyuzi tu zinapanda zinashuka, na anachokisema ni kidogo sana, kwamba kuanzia leo sikuiti tena yale majina ya mapenzi, nikikuhitaji nitakuita jina lako la kawaida. Busu litakuwa la shavuni. Na baada ya muda kidogo itabaki kupungiana mkono tu. Basi. Umeona hiyo ngazi? Toka jina la kitandani mpaka jina la kwenye kitambulisho, toka mdomo mpaka shavu mpaka mkono kwa mbali. Kila mtu aliyewahi kuachana na mtu ambaye bado anakutana naye njiani anaijua hiyo ngazi, ila mi sijawahi kusikia mtu akiishuka hatua moja moja namna hii bila kutetemeka sauti. Nadhani sauti inatetemeka mara moja. Dada yangu akasema hiyo mara moja ndo amejihurumia. Haya, ameshinda nusu.

Ila hata ye Paper Bag aliupenda, na sijakutana bado na mtu asiyeupenda. Huu ndo ulioingia kwenye kuwania Grammy, na albamu yenyewe pia iliingia kwa upande wa muziki mbadala. Ukiusikia kwa juu juu ni wimbo wa furaha, unatembea kwa madaha, tarumbeta zinaingia kwa nyuma zinajibu, unaweza ukajikuta unayumbisha mabega. Maneno sasa. Yuko anatazama angani anatafuta nyota ya kuiomba, akaona kitu kinakuja kutoka juu, akadhani ni njiwa, moyo ukampaa, kikakaribia kumbe ni mfuko wa karatasi. Hiyo ni vesi ya kwanza, na unaweza kufikiri ndo wimbo wenyewe umeisha, lakini anaendelea, anakuja yule mwanaume ambaye naye kwa mbali alionekana mwanaume, kumsogelea kumbe mtoto. Halafu kuna pale anaambiwa hayo mambo yote yako kichwani mwako tu, na anamjibu kwani kuna kitu gani kisichokuwa kichwani, na jamaa haelewi. Nilicheka kwa sauti mara ya kwanza. Ni mchekeshaji huyu, watu hawasemi, wanamfanya kama kaburi linaloimba, lakini ana kejeli moja kavu mno. Kisha katikati ya huo ucheshi anakuchomekea kwamba njaa inauma ila kujinyima kabisa ndo kunafanya kazi, pale gharama ya mapenzi inapozidi uwezo wa mtu, na tarumbeta zinaendelea kama hakuna kilichosemwa. Mi huwa nasimama hapo.

Zilizobaki nitapita haraka. On the Bound inafungua vizuri, nzito, anaomba aambiwe kila kitu kitakuwa sawa na papo hapo anasema ye anaamini hakitakuwa, hapo ameshakupa albamu nzima kwenye sentensi mbili. To Your Love naupenda kwa kuanza kwake, anasema hii hapa hotuba nyingine ambayo ungetamani niimeze, ila humo ndo anapotia maneno ya kamusi mpaka anapitiliza, kuna neno la Kilatini kalichomeka kwenye mapenzi pale hata Mwingereza mwenyewe atasimamisha wimbo akaulize. Anajua anachofanya, anajichekesha, lakini saa ingine napata hisia anajificha nyuma ya misamiati, na kwa mtu ambaye sifa yake ni kutojificha hilo naliona ni doa. A Mistake ni ya kusema leo nakosea na nakosea makusudi, nimechoka kuwa sahihi, wazo zuri kabisa, ila zile sauti za mashine humo ndani ndo zimezeeka kuliko kitu kingine chochote kwenye albamu, unasikia mwaka 1999 unapiga hodi. The Way Things Are sina ugomvi nao na sina mapenzi nao, umewekwa baada ya Fast as You Can na hakuna wimbo ungeweza kupona hapo, masikini. Get Gone unarudisha moto, unaanza brashi zinapapasa dramu taratibu kama baa ya usiku wa manane kisha anamfukuza mtu kwa tusi lililotamkwa vizuri sana, kila herufi imekaa mahali pake. Kama una watoto karibu punguza sauti.

Video za nyimbo tatu kati ya hizi kaziongoza Paul Thomas Anderson, yule muongozaji wa filamu, wakati huo ndo alikuwa mpenzi wake. Zitafute, ya Paper Bag haswa, anacheza na kundi la watoto wa kiume wamevalishwa suti kama wazee, na ukishasikia lile neno la mwanaume kumbe mtoto utaelewa kwanini.

Nikirudi kwenye ile hoja yangu ya kushika usukani, kuna kisa kimoja ambacho kila nikikikumbuka naiheshimu hii albamu zaidi. Mwanzoni mwa 2000 akiwa kwenye ziara ya hizi nyimbo, shoo ya New York, mitambo ya sauti ikawa inamgomea, na ye akavunjika pale pale mbele ya watu, akalia, akashuka jukwaani shoo haijaisha. Magazeti yakapata kazi. Watu wakasema si mnaona. Lakini mi naona kinyume, naona kwamba huyo ndo mtu aliyekuwa anaziimba hizi nyimbo studio, ndo kiasi cha kitu kilichokuwa kinachemka humo ndani, na bado kwenye albamu amekifunika kifuniko, amekipangia vina, amekihesabia mapigo, akakiachia mvuke kidogo tu pale anapotaka. Wale wanaosema hakuwa na uwezo wa kujizuia hawajasikiliza dakika 42 za mtu anayejizuia.

Nyota? Nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa The Way Things Are na lile neno la Kilatini. Kama ndo kwanza unamjua usianzie na Tidal kama wengi wanavyoshauri, anzia hapa, afu uende mbele zaidi ndo urudi nyuma. Usiiweke wakati unaendesha gari, usiiweke wageni wakiwepo, na kama umeachwa wiki hii basi subiri kidogo, au la anza na Paper Bag uishie hapo hapo. Na hedifoni tafadhali, spika ya simu itakudanganya kama ilivyonidanganya mimi, mkono wa kushoto wote utapotea.

Wimbo wa mwisho nimeuacha makusudi. Unaitwa I Know. Ni wa polepole, wa usiku, na anayeimba ni yule mwanamke wa pembeni, mchepuko tuseme, ambaye mwanaume wake ana mwingine huko na hajaamua. Hagombi. Baada ya nyimbo tisa za kugombana na kila kitu, hapa anasema tumia ngozi yangu uzikie siri zako, mi sitauliza maswali, nitakaa huku nyuma nifanye mambo yangu, ila muda wote huo nitakuwa najua. Na kila kiitikio kinatua pale pale, kwenye kujua, mpaka sikio lako linazoea, linajua sentensi ikianza hivi itaishia vile. Sasa mwishoni kabisa anaianza tena, anamwambia kama nitakuwa nimechelewa sana kukungoja mpaka ugundue kwamba unanipenda na uniambie, haina shida, huna haja ya kusema. Afu ananyamaza. Yale maneno mawili ya jina la wimbo, yanayotakiwa kuja hapo, hayaji, muziki unamalizikia bila yeye. Usiku ule wa kwanza nikajikuta nimeyasema mimi, kwa sauti, hedifoni masikioni, giza chumba kizima, na dada yangu toka chumba cha pili akauliza we unaongea na nani saa hizi.